Kiumbe wa Anga Aliyenipa Mke

Mke wangu nilipewa na kiumbe wa anga mwenye kichwa kama boga.

Cheka utakavyo, ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ishirini na mbili iliyopita nilikuwa fundi bomba, na mpaka leo ni fundi bomba. Shule niliachana nayo darasa la sita. Nikampenda binti wa fundi cherehani mmoja, mzee mkavu mwenye sharti moja tu: binti yake haolewi na mtu asiyejua Kiingereza.

Nikamwambia, "Mzee, mimi Kiingereza nakunywa kama maji."

Uongo mtupu. Nilijua maneno mawili, yale yanayoandikwa kwenye koki ya maji ya moto na ya baridi.

Jumapili akanikalisha mbele ya TV. Kulikuwa na tamthilia ya zamani ya watu wanaozurura angani na chombo chao. Mzee aliipenda kufa, ila haelewi kitu.

"Haya, nitafsirie."

Siku hiyo mtawala wa sayari fulani, ndiye huyo mwenye kichwa cha boga, alikuwa anamfokea kapteni. Pembeni amesimama mwanamke mrembo.

"Anasema nini?"

"Anasema, huyu ni binti yangu. Wasomi wamekuja kumposa nimewafukuza. Nataka mtu wa kazi za mikono."

"Kazi gani?"

"Mabomba, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Mwezi uliofuata nikaoa.

Sasa sikia ya juzi. Mzee siku hizi anaishi kwetu, nyonga imemgomea. Jumamosi mchana mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tamthilia ya baba imerudi. Safari hii wanaongea Kiswahili. Na leo ni ile ya kichwa."

Ndoa yangu nzima ilijengwa juu ya kichwa kile. Na mzee hasamehi uongo: kaka yake alimdanganya kuhusu mkasi, wakanuniana miaka tisa.

Nikatoka nje nikachomoa waya wa antena. Mke wangu akanifuata, akauchomeka.

"Ingia ndani ukakae. Ulijitakia mwenyewe."

Tukakaa. Kichwa kikatokea, kikafungua mdomo kwa Kiswahili safi:

"Kapteni, una saa moja uondoke, la sivyo nakiteketeza chombo chako. Na huyu daktari wako simwachii."

Binti kumbe daktari. Tena ametekwa.

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Mzee akachukua rimoti, akaua sauti.

"Endelea wewe."

"Baba, si wanaongea Kiswahili?"

"Mimi si kiziwi."

"Sasa nitafsiri nini?"

"Ile yako."

Nikajikongoja. Nikasema mtawala anamuuliza kapteni kama choo cha kwenye chombo kimeziba. Mzee akacheka mpaka akashika nyonga.

"Sikiliza, mwanangu. Ile ya Jumapili uliyonitafsiria ilikuwa marudio. Ijumaa iliyotangulia alikuja karani mmoja, naye anamtaka binti. Akanitafsiria neno kwa neno, sawasawa na hawa wa leo. Amekunja nne, anaangalia saa."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Wewe ulitoka jasho mpaka kochi langu likalowa. Nikasema, huyu mjinga anamtaka kweli."

Mke wangu alikuwa mlangoni, anajifuta machozi ya kicheko. Naye alijua tangu uchumba. Miaka yote hiyo nilikuwa naficha siri ambayo wote wanaijua.

Kijana unayekwenda ukweni, kaa na hili: usifikiri umewaingiza mjini. Wamekuona tangu getini. Wanachoangalia ni utahangaika kiasi gani kwa ajili ya mtoto wao.

Ila uongo una adhabu yake. Yangu imeshaanza: kila Jumamosi saa tisa nakaa kwenye kochi, sauti imezimwa, namtafsiria mzee Kiswahili kwa Kiswahili.