Mama Akasemea Pangoni

Kila alipoingia chumba kigeni, Mwangwi alipiga kofi moja na kutega sikio. Alilipiga benki, alilipiga chooni, alilipiga sebuleni kwa wakwe siku ya kujitambulisha, mpaka mjomba wa bibi harusi akamwuliza kama anafukuza mbu au anafukuza mchumba.

"Nausikiliza ukuta," akajibu.

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jina alipewa mtaani kwa ajili ya kazi yake. Alihariri sauti kwa kompyuta, kwenye kijichumba nyuma ya saluni, kuta zimebandikwa trei za mayai za kumeza kelele. Waimbaji waliingia na sauti za mbuzi wakatoka malaika. Muuza dawa ya mende alinguruma kama radi. Hata sauti isiyo na kasoro aliitilia mwangwi, kama mpishi asiyeamini kuna chakula kisichotaka chumvi.

Mama yao alipofariki, sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye simu ya mwalimu, akimgombeza fundi bomba, akikohoa, kifuniko cha sufuria kikianguka. Simu ilipoanza kuzimazima, mwalimu akaipeleka kwa kaka yake.

"Ihamishie kwenye kompyuta tu, kaka. Usiguse kitu."

"Mimi? Niguse nini?"

Akagusa. Akakata kikohozi, akafuta sufuria, akamtilia mama mwangwi wa pango. Kisha, kwa mazoea ya mikono, akahifadhi kazi yake juu ya rekodi ya asili, ikapotea. Simu nayo ilikuwa imeshakata kauli.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. "Huyu nani?"

"Si ni mama huyo! Sikia alivyo mtukufu."

"Mama alikuwa na kikohozi na mdomo mchafu. Wewe umemfanya amtukane fundi bomba kutoka mbinguni. Mrudishe!"

"Mwangwi ni kama sukari kwenye chai, mdogo wangu. Ukishaingia hautoki."

"Basi usinikanyagie mlangoni."

Mwangwi akahangaika na kila kitufe, na kila alichopata akamtumia mdogo wake: mama ndani ya pipa, mama ndani ya debe, mama mwenye mafua. Siku mama alipotoka kama bata, mwalimu alicheka mpaka akalia, akampigia simu. "Njoo ule, shetani wewe."

Hawakugombana tena kwa jambo hilo, ila lilimkaa mwalimu moyoni. Mapafu yalipomlaza kaka yake hospitalini, akamkuta anapiga kofi lisilo na nguvu. "Vigae vitupu," akanong'ona. "Chumba kibovu."

Mwalimu akaweka simu mpya kwenye mto, akabonyeza kitufe chekundu. "Sema chochote, kaka. Safari hii hakuna wa kukutilia mwangwi."

Mwangwi akafumbua jicho moja, akatazama feni iliyokuwa ikivuma darini. Alichosema ndicho cha mwisho alichomwambia, na mwalimu anacho hadi leo, kikohozi na yote:

"Zima feni kwanza, mjinga wewe. Inaingia."