Mashahidi wa Betri

Mimi ni mtu wa shaka. Samaki simnunui mpaka nimfunue mashavu, na maji ya kwa jirani siyanywi mpaka nimwone mwenyewe kayanywa. Mwaka wa pili wa Uhuru nilinunua gari kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, nikamshuku tangu siku ile, maana alinikabidhi ufunguo huku akicheka. Kosa jingine sikumwona nalo. Betri niliiua mwenyewe.

Siku yenyewe nilikuwa naenda Jego kumwozesha dada yangu mdogo. Baba, katika siku zake za mwisho, aliushika mkono wangu akasema, "Mwanangu, huyu nakuachia amana. Siku yake ikifika, umwozeshe kwa mkono wako." Nikahi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Kwa adabu tu nilikuwa nimempa baba mdogo uwakili, kwamba nikikwama njiani yeye asimame mahali pangu. Sikukusudia kukwama.

Nilisimama Msambweni kusali adhuhuri. Nilipotoka msikitini nikawasha gari, likakohoa mara moja, kisha kimya. Waumini wakanisukuma kwenye mchanga mpaka kanzu zao zikalowa jasho. Wapi!

Mtu mwenye baiskeli akajitolea kwenda Ukunda kumwita fundi. Nikakataa. Fundi yule nilimshuku kwamba kila akikaza kitu kimoja hulegeza kingine, ili gari lirudi kwake. Ushahidi sikuwa nao. Mwingine akaniambia nipande basi, gari niliache pale pale. Niliache na nani?

Ndipo likasimama lori la mbuzi kutoka Kinango. Dereva wake alikuwa makamo ya baba yangu, naye ndiye aliyenitangulia kwa salamu. Nilikuwa nikimchunguza viatu hata nikasahau kumwamkia shikamoo. Akafunua boneti, akafungua vifuniko vya betri, akachungulia.

"Umetia maji gani humu?"

"Ya kisima cha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Diani, pale karibu na ufuo."

Akacheka. "Basi umeinywesha chumvi. Sisi kwetu maji ni ya shida, lakini ya betri twakinga ya mvua, na twayaficha. Ninyi mnayo tele, mwatia yoyote."

Shauri lake lilikuwa jepesi: atoe betri ya lori aitie kwangu, injini ikishika airudishe yangu, aichukue yake, kila mtu aende zake. Nikazitazama betri zote mbili. Nyeusi, zina vumbi, zimelingana kimo.

"Na ukiondoka na yangu?" nikamwuliza.

"Yako imekufa, mwanangu. Nani aibaye maiti?"

"Zafanana."

"Basi yako nitaishika kwa amana."

Neno hilo kwetu halitamkwi ovyo, na mtu akishalitamka, humwongezei swali. Mimi niliongeza. Nikataka mashahidi wawili, watu wa pale pale ambao hawajasema naye, wazitambue betri zote mbili kabla hazijaguswa. Mmoja alikuwa amekwenda kwake kula, ikabidi afuatwe. Wa pili alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umekwisha nyolewa, akasema hatoki nusu nusu. Huku nyuma nilichukua msumari nikaitia betri yangu alama. Yule mzee aliketi kivulini mwa lori lake, mbuzi wakilia juu, akinitazama.

Mashahidi walipofika akainuka. "Haya, mwaifungia nikahi betri hii?"

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikizihesabu spana zake.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko ya yule kinyozi. Injini ikashika, akazifungua nyaya gari likiwa linanguruma, akaitoa betri yake, akanirudishia yangu yenye alama. "Usizime mpaka ufike," akasema. Nilipomwuliza nimpe nini, akasema nimwombee dua. Hilo nalo likanitia shaka. Mpaka Ramisi nilikuwa nikitega sikio, nijue ni kitu gani alichokilegeza.

Hakulegeza kitu. Adhana ya alasiri ilinikuta njiani, nami bado nina mwendo mrefu.

Nilipofika Jego sinia za halua zilikuwa zikipita barazani. Nikajua papo hapo, kwani halua haitangulii nikahi. Baba mdogo akanijia, macho chini. "Tumekungoja sana, mwanangu. Shehe alikuwa na nikahi nyingine Vanga."

Nikapelekwa ndani kwa dada yangu. Alikuwa amekaa juu ya kitanda, mikono yenye hina mapajani. Nikamweleza yote: maji ya chumvi, lori la mbuzi, alama ya msumari, kinyozi. Nilieleza kwa bidii, kama mtu aliye mbele ya kadhi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona aibu.

"Kaka," akasema, "hiyo betri ilitaka mashahidi wawili?"

"Ndiyo."

"Na walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Hata mimi nilikuwa nao wawili. Aliyekosekana ni wewe."

Nje gari lilikuwa bado linanguruma, nimelifunga madirisha yote. Nikatoka nikalizima.