Mguu wa Dada Skola

Juzi kijijini kwetu Ipole nilimkuta dada yangu Skola akimkanda mama mguu uliokaza msuli, na wivu ukanipanda kama zamani.

Alasiri moja ya utotoni nilikuwa nimetoka shule. Uani kulinuka tumbaku mbichi na mafuta ya karanga. Skola aliguna, na mama akawa anamvuta vidole vya mguu taratibu. "Pole mwanangu, legeza."

Nikajitupa mkekani. "Mama, na mimi msuli umenikaza!"

Alipovigusa tu vidole vyangu, nikacheka.

"Msuli ukikaza hauchekeshi," alisema, akamrudia Skola.

Nililia kwa wivu. Sikujiuliza kwa nini Skola, aliyeshinda amechuchumaa akitunga majani ya tumbaku, alibanwa na msuli kila siku, na mimi niliyeshinda darasani sikubanwa hata mara moja.