Msichana wa Nyuma ya Kioo

Nikinyunyiza dawa ya vioo, harufu yake kali hunirudishia mikono ya Mama. Alikuwa msafishaji kwenye jumba la makumbusho ya sanaa kule Minneapolis, na kila siku aliondoka kwetu Richfield kwa basi la kwanza, kabla sijaamka. Nywele nilisukwa na dada, mistari imepinda kama njia ya mbuzi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alitupeleka kuona anapofanyia kazi. Vinyago alivipita. Farasi wa udongo wa Kichina akawapita pia. "Hawa kioo chao kikubwa, kinanichosha," alisema. Akaja kusimama mbele ya picha ya msichana wa Kizungu wa rika langu, nywele timtim, nyuma ya kioo.

"Umeshindaje, mama?" akamsalimia.

Mama! Hivyo ndivyo alivyoniita mimi.

"Kila asubuhi naanza na huyu," akatuambia. "Natamani nimkalishe chini nimsuke."

Nilimchukia mtoto yule. Nikajipapasa kichwa mpaka kidole gumba kikajaa mafuta ya nywele, nikakibandika kwenye kioo, juu ya uso wake.

Mama hakunigombeza. Alitoa leso akapangusa taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Tulipofika mlangoni nilisema nimesahau kofia, nikarudi mbio. Nikabandika kidole tena, safari hii chini pembeni, mbali na uso wake, ili kesho asubuhi Mama aanze na mimi.