Nilivyoingia Mafungoni Mbweni na Simu Mbili

Ijumaa, Kimara. Niliondoka nyumbani kwa sababu usingizi ulikuwa umenikimbia. Daktari alikuwa amechukua sampuli kwenye uvimbe wa titi langu, akasema majibu yakitoka watanipigia. Tangu hapo nikawa nashika simu kuliko rozari. Mume wangu akachoka kunitazama.

"Mama Neema, nenda kafanye mafungo. Humu ndani unatupandisha presha wote."

Nilipita Goba na Madale hadi Tegeta, kisha nikachukua bajaji mpaka Mbweni. Kama kuna jipya lililojengwa njiani, aulizwe mwingine. Mimi nilikuwa nakodolea macho kioo cha simu.

Saa kumi alasiri, getini. Sista Yudita, msimamizi wa nyumba ya mafungo, alinipokea na kapu la ukili mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, mama. Simu tunaweka humu."

Nikatumbukiza simu kubwa kwa unyenyekevu wote. Kitochi changu, kisimu kidogo cha vitufe chenye laini ya pili, nikakiacha ndani ya jalada la Biblia. Nilijiona mjanja.

Jumamosi ilikuwa Misa, kimya, ugali na mchicha. Kila nikimaliza zaburi moja, napapasa jalada. Mchana, tukiwa kanisani, kitochi kikatetemeka. Nikatoka mbio hadi nyuma ya jiko, nikapokea.

"Mama Neema," akasema katibu wa jumuiya yetu, "eti lile sufuria kubwa la jumuiya liko kwako?"

Nikakaa chini nikalia. Sista alinikuta hapo. Nikamweleza yote: uvimbe, majibu, hofu ya kuwaacha wanangu wangali wadogo. Hakunikemea. Aliketi juu ya ndoo, akauliza, "Hospitali uliwapa namba ipi?"

Nikakitazama kitochi, ndipo nikakumbuka na kumwambia. Niliwapa namba ya simu iliyokuwa kapuni.

Sista akacheka, nami nikacheka na machozi yangu. "Pole, mama. Umekesha kwenye mlango ambao mgeni hapitii. Nikuletee ile kubwa?"

Niliitaka kweli kweli. Lakini nilikuwa nimechoka kulinda. "Acha hadi kesho, Sista," nikasema, nikampa na kitochi.

Jioni nilirudi kanisani. Sala zangu zote nzuri zilikuwa zimeniishia, nikamwambia Mungu neno moja tu: naogopa. Sikusikia sauti yoyote. Ila kifua kililegea, na nililala mpaka kengele ya asubuhi.

Jumapili nilirudi na simu zote mbili mkobani, na hakuna aliyekuwa amepiga. Safari hii niliona njia: vitalu vya miche, mafundi wakichomelea mageti, watoto wametoka ibadani na viatu mkononi. Hofu sikuiacha Mbweni, nilirudi nayo Kimara. Nilichojifunza ni kwamba inaweza kukaa nami bila kunitawala, nikishamwambia Mungu kuwa ipo.

Jumatatu, wakati nasugua sufuria la jumuiya, simu kubwa ikaita. Ilikuwa hospitali. Majibu yenyewe ni yetu, mimi na mume wangu. Ninyi niwaambie hili tu: nilifuta mikono kwanza, nikafanya ishara ya msalaba, ndipo nikapokea.