Yai na Chumvi ya Katwe

Nilipoanza kufundisha jiografia katika shule moja upande wa Ediofe, mjini Arua, miaka ile ya sabini ya utawala wa askari, maziwa ya dunia ndiyo yalikuwa maringo yangu. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo nilifundisha kwa mdomo, na mdomo nilikuwa nao. Niliwasimulia wanafunzi ziwa la lami la kisiwa cha Trinidad, ambalo watu hutembea juu yake kwa miguu. Niliwaambia kwamba Kivu, hapo jirani tu, limefungia chini yake hewa inayoweza kuwaka moto. Nilipofika Baikal, ziwa linaloganda kwa baridi hata malori yakapita juu yake, darasa zima liliangua kicheko, na msichana mmoja wa Manibe akauliza kama mwalimu ameonja kitu asubuhi. Nilikasirika. Nikaapa kwamba siku ya maziwa ya chumvi nitakwenda na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulitaka chumvi, na chumvi ilikuwa imeadimika Arua nzima. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kinubi, mjane aliyesuka vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Mwanawe wa pekee alivuna chumvi katika ziwa Katwe, mbali huko kusini-magharibi mwa nchi, na kila alipopata msafiri wa kumtuma alimletea mama yake mfuko wa chumvi ya mawe. Mama alinipa kikombe kizima, na yai juu yake, siku ambazo wengine walikuwa wakila mboga chapwa.

Darasani niliweka yai katika bakuli la maji, likazama. Nikakoroga chumvi kidogo kidogo mpaka likapanda. "Katwe ni hivi," nikasema, "na Bahari ya Chumvi mnayoisoma katika Biblia ni hivi. Mtu akitaka kuzama humo atashindwa." Hakuna aliyecheka. Jioni nilimrudishia mama yai lake na kumweleza yale yale. Alifurahi kupita kiasi, maana mwanawe hakujua kuogelea.

Miezi michache baadaye alikuja mwanamume tusiyemjua, na habari kwamba kijana amezama ziwani na maiti haikuonekana. Alisema akiwa amesimama, macho yako barabarani, wala hakungoja maji ya kunywa. Siku ya pili mke wa kijana aliletwa kutoka Koboko. Akakaa jikoni, hajui kama yeye bado ni mke au ameshakuwa mjane. Kwao mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kilio huanza mkeka ukitandikwa uani. Mama alitukataza kuutandika. Alisema ziwa lile halizamishi mtu, mwalimu mwenyewe ameonyesha kwa yai. Kesho yake angekwenda kambini kwa askari, akaulize mwanawe yuko wapi.

Mimi pia nilijua kwamba halizamishi mtu. Kwa hiyo nilijua kwamba yule mjumbe alidanganya au alidanganywa, na miaka ile kila mtu mzima alielewa uongo wa namna hiyo unafunika nini. Nilijua vilevile watu waliokwenda kuulizia ndugu zao, na baadaye wao ndio wakawa wa kuuliziwa. Husemwa mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikuwa karibu kuponza kichwa cha mwenzangu.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili cha kwao, "mimi nilikosea. Kitabu ilikosea. Mutu nazama kule."

"Wewe nakosea namna gani? Wewe iko mwalimu."

Aliingia ndani, akatoka na bakuli la maji, yai, na mfuko wa mwisho wa chumvi ya mwanawe. Akaimimina yote, akaikoroga kwa mkono hadi ikayeyuka. Mkwewe akasogea mlangoni. Yai likapanda, likaelea, mgongo wake nje ya maji.

"Iko juu," akasema. "Angalia, mwalimu. Iko juu."

Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nilipiga magoti mbele yake. "Mama, usiende kwa askari. Naomba wewe. Mutu nazama." Nilikuwa nikilia, na sijawahi kulia hivyo kwa ajili ya kosa ambalo sikulitenda.

Alinitazama usoni. Kisha akaweka kidole juu ya yai, akalisukuma polepole mpaka likagusa chini, akalishikilia pale. Tulilitazama sote watatu.

"Kweli," akasema. "Kama mukono iko juu yake, inazama."

Akatoa kidole, wala hakungoja kuona yai likipanda. Akamgeukia mkwewe, akamwambia, "Leta mukeka."

Kambini hakwenda, na neno lile la mkono hakulirudia, kwangu wala kwa mtu mwingine. Watu walijaa uani siku ile ile, na wanawake wakaanza kupika. Chumvi nyingine haikuwepo, kwa hiyo chakula cha kilio kilitiwa maji ya bakuli lile. Mama alinipakulia mwenyewe, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza.