Daftari la Bi Somoe

Jirani yangu wa Magomeni, Bi Somoe Chilumba, alibangua korosho kwa mkono miaka kumi na minne, mpaka mafuta ya maganda yakamfuta alama za vidole. Akaacha, akachoma maandazi, moshi ukamshinda. Akauza vitenge dukani Chikongola, akafukuzwa kwa kuwaambia wateja kwamba kitenge kinachuja. Tajiri hakuupenda ukweli huo.

Mwaka jana aliomba kazi ya kukagua korosho ghalani. Karani, Zaheer, alimsogezea mashine ya mahudhurio. Bi Somoe akabonyeza vidole vyote kumi, mashine ikakataa.

"Mama, bila alama hatuwezi kukuajiri."

Bi Somoe alichota korosho kwenye gunia la karibu, akazitikisa kiganjani, akasikiliza.

"Hizi zilinyeshewa. Zipasue."

Zaheer akapasua sita. Nne zilikuwa nyeusi ndani, na gunia lilishapigwa muhuri wa daraja la kwanza.

Siku hizi, kila asubuhi, wafanyakazi wote hupanga foleni kwenye mashine, Zaheer akiwemo. Bi Somoe huwapita taratibu, akaenda kusaini daftari lenye jina moja tu.